Huyu Nyoka Si wa Ganze

Mlionitumia salamu za pole tangu wiki iliyopita, ahsanteni. Na nyinyi mlioandika kwamba mwanamke anayeshika nyoka hana haki ya kulia mbele za watu, ahsanteni pia, maana naona mnanisoma mpaka nukta ya mwisho. Mimi sikuja kulia. Nimekuja kusema.

Kwa aliyechelewa kuingia: naitwa Kanze. Kazi yangu ni kuwaonyesha wageni nyoka katika bustani moja ya nyoka kule Dabaso, na nyumba yangu iko Kakuyuni. Mama yangu, Kahaso, ni mjane. Anaishi peke yake Ganze, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba. Anayepakana naye ni Nzai, mdogo wake baba, yaani baba yangu mdogo. Tangu tumzike baba, Nzai amekuwa akilitazama shamba lile kama paka aonaye samaki wa jirani.

Nilishawaeleza jinsi nyoka alivyopatikana nyumbani kwa Nzai, chini ya mkeka wa mjukuu wake. Mtoto hakuumwa. Lakini Nzai alipiga ukelele kijiji kizima kikaja. Nyoka wa kutumwa! Na katumwa na nani kama si Kahaso, ambaye bintiye kazi yake ni nyoka?

Nikaacha kazi nikakimbilia Ganze. Mliniacha uani kwa mama, nimekuta vijana wa Nzai wamekaa mlangoni pake, na mmoja wao amekalia dumu la petroli.

"Ondoka kwenye hilo dumu," nikamwambia.

"Tumewekwa hapa tumlinde Hawe asitoroke." Hawe ndiyo bibi kwa Kigiriama. Anamwita bibi, na petroli ameikalia!

"Mnamlinda kwa petroli?"

Akatazama miguu yake.

"Wewe si mtoto wa Kabibi? Ulipokuwa na degedege, nani alikubeba mgongoni mpaka zahanati? Si huyu huyu unayemlinda?"

Akainuka. Lakini dumu aliliacha pale pale.

Ndani nilimkuta mama anapukuchua mahindi, kama mtu asiye na habari. Leso ameifunga kiunoni, kichwa kiko wazi, mvi zote nje.

Mimi nilikuwa nimemletea rangi ya nywele. Msishangae. Huku kwetu wazee wengi siku hizi wanapaka nywele nyeusi, kwa sababu mvi zimekuwa kosa. Ukionekana na kichwa cheupe, ng'ombe wa mtu akifa ni wewe, mvua isiponyesha ni wewe.

"Mama, nakuomba. Paka tu, mpaka haya maneno yapite."

"Mvi hizi nimezipata kwa kulima, Kanze. Anayezichukia na afumbe macho."

"Watakuchoma, mama!"

"Basi watachoma mtu mwenye mvi." Akarudi kwenye mahindi yake.

Ndiye aliyenizaa huyo. Mkiniona mimi mkaidi, mjue sikuokota njiani.

Nikakaa karibu naye. Nikateremsha sauti. "Mama, huyo nyoka. Kweli hujui lolote?"

Aliacha kupukuchua. Akanitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

"Hata wewe, Kanze?"

Niliona haya, wallahi. Watu wote wale nje wanamshuku, na mimi mwanawe naingia ndani nimuulize swali lile lile! Sikuuliza tena.

* * *

Asubuhi tukaitwa barazani, kwenye uwanja wa ofisi ya naibu wa chifu. Jina lake Gona. Mtu mpole, mpole mno, wa kutaka kila mtu arudi nyumbani ameridhika.

Nzai alikuja na nyoka ndani ya ndoo yenye kifuniko. Alikataza asiuawe, eti nyoka wa kutumwa hauawi kabla mwenyewe hajajulikana. Akaiweka ndoo katikati ya watu, akasimama kando yake, mkono kiunoni.

"Shikamoo, baba mdogo," nikamwamkia. Adabu ni adabu.

"Nyoka wako huyu," akajibu. Hata marahaba hakunipa.

Gona akakohoa. "Jamani, jambo letu ni moja. Kama huyu ni nyoka wa porini, wa hapa hapa Ganze, basi aliingia mwenyewe kama nyoka yeyote, na kila mtu aende kwake. Lakini kama ni wa kufugwa, ametolewa kwingine, kuna mtu alimleta. Hapo mimi sitaweza kuwazuia watu. Mama Kahaso itabidi ahame. Kwa usalama wake."

"Na shamba?" nikauliza.

"Shamba litabaki kwa ukoo," Nzai akadakia, kabla Gona hajafungua mdomo.

Mmeona? Nyoka alikuwa ndooni, lakini aliyekuwa akitoa ulimi ni mwingine.

Nikasimama. Nikawaambia, nyoka ana kwao kama mtu, na kwao kumeandikwa mwilini mwake. Chukua bafe, yule nyoka mnene mwenye sumu. Bafe wa pwani ana manjano ya kung'aa. Nenda bara kwenye baridi, bafe yule yule utamkuta amefifia, ana weusi weusi. Aina ni moja, ila kila mmoja amevaa rangi ya kwao.

"Haya, na huyu?" Gona akauliza.

Nikafunua kifuniko nikachungulia. Alikuwa chatu wa mchangani, yule mfupi mnene mwenye mkia butu. Hana sumu, anaishi kujifukia. Wageni wanampenda kwa sababu ni mpole, na wengine huko kwao wanamfuga nyumbani kama paka.

Nikaona wekundu kichwani na mgongoni. Wekundu wa udongo wa Ganze.

Sikungoja zaidi. Hilo nakubali. Nilitaka kumfunga Nzai mdomo, na nilitaka kumfunga pale pale.

"Wa kwetu bustanini wametoka mchanga mweupe wa pwani, wana rangi ya chungwa hafifu," nikasema kwa sauti. "Huyu ni mwekundu. Huyu kazaliwa kwenye udongo huu mnaoukanyaga. Nyoka wa Ganze, mwana wa Ganze! Baba mdogo, umemfungulia baraza jirani yako."

Watu wakacheka. Nikaona mabega ya mama yanashuka, kama aliyetuliwa mzigo. Gona tayari alikuwa anatafuta kofia yake.

Ndipo Gladys akasema, "Ngojeni."

Gladys ni mke wa Nzai. Si mtu mbaya. Mtoto aliyelala kwenye mkeka ule ni mjukuu wake, na tangu siku ile alikuwa hambandui mgongoni.

"Nilipomwona yule nyoka nilimtupia leso yangu," akasema. "Ile leso imeingia wekundu. Nimeifua, haitoki. Nyoka anachuja rangi?"

Watu wote wakageukia ndoo.

"Mfute," Nzai akaniambia. "Si wewe bingwa? Mfute tuone."

Ningefanya nini? Nilimtoa nyoka, nikalowesha pembe ya leso yangu, nikampangusa. Wekundu ukaja wote kwenye leso. Na chini ya wekundu, manjano. Nayo ikaja.

Nyoka akabaki mikononi mwangu amepauka, kama kitambaa kilichosahaulika juani.

"Mutsai!" mtu akapiga ukelele. Mchawi! "Wamempaka dawa!"

"Ngojeni!" nikapaza sauti. "Nilikosea! Nisikilizeni! Huyu si wa Ganze. Si wa Dabaso, si wa pwani yetu yote. Wenye rangi hii iliyopauka kwao ni kaskazini huko, nchi za jangwa. Huyu ametoka mbali!"

"Mara wa hapa, mara wa mbali!" Nzai akawageukia watu. "Mkimwachia mpaka jioni atawaambia wa mbinguni!"

Kicheko kilichopigwa pale nakisikia hata leo. Na hakikuwa kicheko cha furaha. Wale vijana walikuwa wameshasimama.

Nilinusa vidole vyangu, sijui hata kwa nini. Vilinuka jikoni. Ilikuwa manjano, bizari ile ile tunayotia kwenye mchuzi. Na ule unga mwekundu nilikuwa naujua. Ni ule ambao wanawake wa Kihindi hujitia kwenye paji la uso.

Katika dunia hii namjua mtu mmoja tu anayeweza kumpaka nyoka manjano na unga mwekundu, na anafanya hivyo kwa mapenzi.

"Mheshimiwa Gona," nikasema. "Nipe mpaka Jumamosi. Nitamleta mwenye nyoka hapa, kwa miguu yake."

"Anataka kutorosha mamaye!" Nzai akafoka.

"Mama atabaki hapa hapa. Na tuwekeane masharti, baba mdogo, watu wote wakisikia. Mwenye nyoka akija, atatuonyesha ni nani aliyemleta huyu mnyama Ganze. Na atakayeonyeshwa ahame. Aache shamba, aache nyumba, asirudi. Awe nani, awe nani. Unakubali au unaogopa?"

Mama akanivuta leso kwa nyuma. "Nyamaza, Kanze."

"Sinyamazi."

"Mdomo huponza kichwa, mwanangu."

"Acha ukiponze. Baba mdogo, nakungoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, au hujapata kusikia?"

Nzai alitazama huku na huku. Watu wote macho kwake. Angefanyaje? "Nimekubali," akasema.

Wazee wakaitikia. Gona akaitikia. Mimi nikaondoka pale nimeinua kichwa.

* * *

Malindi mjini kuna mzee mmoja, Bhikhubhai, mwenye duka la vitambaa. Mkewe ni Prabhavati, lakini nyumba nzima inamwita Ba, ndiyo bibi kwao, na sisi wa nje tumezoea hivyo hivyo.

Kila mwaka, siku yao ya Nag Pancham ya kumheshimu nyoka, Ba huniita nimpelekee nyoka wa bustanini. Humtilia manjano na unga mwekundu kidogo kichwani, humwekea maziwa kwenye sahani, akafumba macho akaomba. Mara ya kwanza nilimwambia, Ba, nyoka hanywi maziwa, yatamuumiza tumbo. Akanijibu, "Dikri, maziwa ni ya heshima. Nani kasema ya kunywa?" Dikri ni binti. Tangu siku hiyo tukapatana.

Nilimkuta ghorofani, juu ya duka, anachambua dengu.

"Ba, nimekuja kwa habari ya nyoka."

Uso ukamng'aa. "Naga wangu! Hajambo? Anakula?"

"Naga gani, Ba?" Naga kwao ni nyoka.

"Si yule wa Chirag!"

Chirag ni mjukuu wake, kijana wa dukani. Kumbe Chirag alikuwa anafuga nyoka chumbani, kwa siri. Alikuwa ameachiwa na Mzungu mmoja wa Watamu aliyehama. Babu hakujua, baba hakujua. Ba peke yake alijua, na badala ya kupiga kelele alikuwa akienda kumsalimia kila asubuhi!

"Halafu babu yake akagundua," Ba akasema. "Lo, siku hiyo! Akasema kumfuga bila kibali ni jela, atolewe nyumbani. Nikasema, basi aende kwa Kanze, kwenye bustani, atatunzwa. Nikamuaga. Nikampaka manjano na kunku, ule unga wetu mwekundu, kichwa mpaka mkia, na mafuta ya nazi ili ishike."

"Mwili mzima, Ba?"

"Anaondoka nyumbani kwangu, nimpake kidogo?"

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. Mikono ya bibi huyu, kwa mapenzi yake, ndiyo iliyoniaibisha mbele ya Ganze nzima. Na mikono hiyo hiyo ndiyo itakayomwokoa mama! Hakuna dawa, hakuna uchawi. Ni sala tu, ya mwanamke anayemuaga mnyama anayempenda.

"Ba, mimi sikupata nyoka yeyote."

Dengu zikasimama mkononi. "Hukumpata? Chirag alikuja mpaka kwako Kakuyuni. Hukuwepo, ulikuwa kazini. Akaacha maneno pale nyumbani. Baada ya siku chache mtu wako akaja kumchukua."

"Mtu wangu nani?"

"Mimi nilikuwa kwenye chumba cha sala, sikumwona. Chirag ndiye aliyempokea. Alisema katumwa na Kanze."

Hapo niliona kila kitu, kama taa imewashwa. Wiki ile mama alikuwa kwangu Kakuyuni kupumzika. Na katika wiki ile ile, nani alimfuata huko, akajifanya anataka suluhu, akanywa chai yangu uani kutwa nzima? Nzai! Alisikia maneno ya Chirag, akaenda Malindi kwa jina langu, akachukua nyoka, akampeleka chini ya mkeka wa mjukuu wake mwenyewe. Kwa ajili ya shamba!

Nikampigia Chirag, alikuwa Mombasa kununua bidhaa.

"Chirag, aliyekuja kumchukua nyoka, ukimwona utamjua?"

"Kumjua? Kanze, mbona unauliza hivyo, si ni..."

"Usimtaje!"

"Eh?"

"Usimtaje kwenye simu. Ukinitajia sasa hivi nitakwenda kumfanya mtu kitu nifungwe. Nataka umwonyeshe mbele ya watu, uso kwa uso. Jumamosi, Ganze. Utakuja?"

"Nitakuja, lakini Kanze, mimi sielewi..."

"Utaelewa hapo hapo. Njoo tu."

"Haya. Wewe mwenyewe umesema."

Naam, mimi mwenyewe nilisema. Nilitaka raha ya kumwona Nzai akitolewa mbele ya umati ule ule ulionicheka. Usiku wote nilikaa na raha hiyo, nikaitafuna.

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka barabarani. Mama aliletwa na wale vijana, mmoja kulia, mmoja kushoto. Alikuwa amepungua. Nilimnong'oneza, "Leo yanakwisha, mama. Nimempata."

"Umempata nani?"

"Utamwona."

Akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa baridi.

Chirag alifika na pikapu ya babu yake, nywele zimegeuka nyekundu kwa vumbi. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, kijana wa adabu. Gona akamwonyesha ndoo.

"Ndiye," Chirag akasema. "Tazameni mkiani, lile kovu. Aling'atwa na panya. Nilikuwa naye chumbani kwangu. Na ile rangi ni bibi yangu alimpaka, ndivyo anavyoomba dua. Samahanini sana kama imewatia hofu."

Nyinyi mngekuwepo mngeona ule uwanja unavyolegea. Gladys alikuwa wa kwanza kusema, "Kumbe ni dua tu!" Akacheka, akamtikisa mtoto mgongoni. Hata yule mwana wa Kabibi nilimwona anapangusa jasho.

"Na kwao ni wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Mzungu alisema asili yake ni Misri," Chirag akajibu.

"Kaskazini!" nikapaza sauti. "Nilisema au sikusema?"

Gona akafurahi. Akanyanyua mikono yote miwili. "Jamani, tumshukuru Mungu. Hakuna uchawi hapa. Nyoka ni wa kijana huyu, rangi ni ya ibada. Mama Kahaso, rudi shambani kwako. Nzai, mwache shemeji yako. Baraza limekwisha."

Mngekuwa mimi, mngeondoka? Nawauliza nyinyi mnaonilaumu. Mama yangu alilindwa kwa petroli siku zote zile. Mimi nilichekwa. Nami niende nyumbani kimya, na mwenye kisa amesimama pale, mzima, anavuta ugoro?

"Halijakwisha!" nikasema.

Mama akanishika mkono. "Limekwisha, Kanze. Twende."

"Mama, niache."

"Twende nyumbani, mwanangu. Nakuomba."

Mama yangu hajapata kuniomba kitu maishani. Nami sikumsikia.

"Kuna masharti!" nikapiga kelele. "Nyoka hakuja Ganze kwa miguu, hana miguu! Kuna mtu alikwenda Malindi, akasema katumwa na mimi, akambeba mpaka hapa. Tulikubaliana hapa hapa, akionyeshwa ahame. Baba mdogo, ulikubali au hukukubali?"

"Nilikubali," Nzai akasema. Sauti imemkauka. Nikasema moyoni, hiyo ni hatia.

"Chirag! Mtu huyo yuko hapa?"

"Yuko, lakini Kanze..."

"Mwonyeshe!"

Watu wakampisha njia. Wote macho kwa Nzai. Chirag akaanza kutembea, ananitazama kama mtu anayedhani nimeugua. Akafika mbele ya Nzai. Akampita.

Akasimama mbele ya mama yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi. Ulifika salama siku ile, na ule mkoba?"

"Marahaba, mwanangu," mama akaitika. "Nilifika. Ba hajambo?"

Nilimtazama mama nikingoja acheke, aseme kijana amekosea. Mama alikuwa ameshasimama, wala hakushikwa mkono na mtu.

"Msimuulize Kanze," akasema. "Hakujua. Nilimleta mimi. Nzai aling'oa mipaka ya mume wangu, nikaja kwako, Gona. Akaing'oa tena, nikaja tena. Ukaniambia nivumilie. Nikaona hapa mzee hasikilizwi, labda nyoka atasikilizwa. Nilimleta mimi, na ningekuwa na wa pili ningemleta pia."

"Chini ya mkeka wa mtoto, Hawe?" Gladys akauliza. Aliuliza polepole, machozi yanamtoka. "Mtoto huyu huyu unayempa maembe?"

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona mama anatazama chini.

"Nilimwacha mlangoni kwa Nzai," akasema. "Mkeka aliutafuta mwenyewe. Hana sumu, Gladys. Nilikuwa nimemsikia Kanze zamani akisema aina hii haina sumu."

"Masharti!" mtu akasema kule nyuma. Kisha wa pili. Kisha uwanja mzima. "Masharti! Masharti!"

Nikajitia mbele ya mama. Sauti nilikuwa nayo bado.

"Masharti niliyaweka mimi," nikawaambia, "na mimi ndiye ninayeyavunja! Niiteni mwongo, niiteni mnavyotaka. Huyu haondoki kwenye shamba lake. Anayemtaka aanze na mimi!"

Nzai aliwatazama vijana wake tu, nao wakaanza kuja, na yule mwana wa Kabibi alikuwa mbele yao, dumu mkononi.

Nikageuka kumtafuta Gona. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nyuma yangu nikasikia mlango wa ofisi unafungwa, na komeo linatiwa kwa ndani.